Mwenye Birika la Moto Hakimbii

14 Januari

Shikamoo Mjomba,

Mama ameniagiza nianze na goti lake, kwa kuwa anajua nikitangulia na mambo yangu goti halitapata nafasi. Basi goti linaendelea vizuri. Amerudi kwenye cherehani, na anakanyaga kwa mguu ule mzima. Anauliza kama mkazamjomba amepona kikohozi, na kama bati la jikoni bado linavuja.

Ripoti yako ya robo mwaka hii hapa, imeandikwa kwa Kiingereza na iko tayari kwa saini yako. Acha nikueleze nilichokifanya, maana najua utaikagua kama unavyokagua kamba za lifti, uzi kwa uzi. Karatasi yako ya mkono ilikuwa na mistari mitatu kuhusu mlango wa lifti ya pili. Uliandika kwamba tarehe 3 Desemba mlango ulifunga ilhali umeliziba jicho kwa mkono wako, yaani kile kitaa ulichonifundisha kwamba ndicho kinachouona mwili wa mtu na kuuzuia mlango. Tarehe 11 ukafunga tena. Tarehe 29 ukabana ndoo ya msafishaji na kuipasua. Mwisho ukaomba lifti hiyo isitumike mpaka jicho jipya liletwe.

Mjomba, huo ni ushahidi wa polisi, si ripoti. Kiingereza cha maofisini hakipendi kumpandisha mtu kizimbani kila mstari. Kina kitenzi kinachotangulizwa mbele ya kitenzi kingine, "tend to", na kazi yake ni kusema kwamba jambo lina mwelekeo wa kutokea, bila kutaja lilitokea lini, mbele ya nani, mara ngapi. Sisi nasi tunakaribia hapo tunaposema watoto wa mwisho huwa wanadeka. Msemaji wa namna hiyo hakamatiki. Mletee mtoto wa mwisho asiyedeka, atakujibu kwamba hakusema wote.

Basi nimeyakusanya matukio yako matatu katika sentensi moja, ambayo kwa Kiswahili ingesomeka hivi: "Milango ya lifti za umri huu huwa na mwelekeo wa kufunga mapema kuliko inavyotarajiwa, na huenda ikanufaika na uangalizi." Isome mara mbili. Haimlaumu mtu, haimtishi mtu, na mwenye kuisoma ataona kwamba aliyeiandika anajua lifti zaidi ya moja.

Nina habari nyingine. Mkuu wa ofisi ya ukaguzi wa mitambo, ile ile inayopokea ripoti zako, aliulizia mwandishi wa zile za nyuma, na meneja wa jengo lenu akamtajia mpwa wa fundi. Naanza kazi kwao tarehe mosi Februari, miezi sita ya majaribio. Sentensi zangu zimenitangulia, Mjomba.

Mpwa wako


26 Januari

Marahaba Profesa wa ukoo,

Kikohozi cha mkazamjomba wako kimekwisha, amebaki na sauti yake ya kawaida, ambayo unaijua. Bati linavuja mahali pale pale. Maji nayo yana msimamo. Hongera kwa kazi, na mwambie dada yangu asikanyage cherehani kwa kiburi, goti halisahau.

Ripoti nimeisoma kwa msaada wa kamusi yako ya zamani, ile iliyong'oka jalada. Imependeza kama suti. Ila nimepapasa mifukoni kutafuta tarehe zangu, sikuziona. Zimekwenda wapi? Na ndoo iko wapi? Wewe umesema milango. Mimi sikusema milango. Jengo letu lina lifti mbili, ya kwanza haina neno, ila ni ya mizigo, watu hawaruhusiwi; mbovu ni ya pili. Lifti za umri huu siwezi kuzisemea, sijakutana nazo. Hii nimekutana nayo.

Lile ombi langu lenyewe limekuwa "huenda ikanufaika". Mimi nimekwisha kubandika tangazo mlangoni, HATARI, USIPANDE, na ufunguo wa umeme wake ninao mfukoni. Jana Mama Birika, yule anayepeleka chai ofisi zote, alinisimamisha ngazini.

"Fundi, unanipandisha ghorofa saba kwa miguu na birika la moto. Nimekukosea nini?"

"Heri miguu iume kuliko mkono ubanwe."

"Basi njoo unishikie vikombe, maana maneno yako hayanipunguzii uzito."

Nikamshikia mpaka ghorofa ya nne. Pale nikajua kwamba uzee si uvumi.

Nijibu kama nitie saini au la. Usinijibu kwa simu. Neno la simu ni mvuke, la karatasi ni msumari.

Mjomba wako


5 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mama anakusalimu, na anasema kiburi cha cherehani ukoo mzima ulikirithi, usimsingizie yeye. Nakuandikia kutoka kwenye meza yangu mwenyewe. Ina droo yenye ufunguo, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, ambao umepakwa rangi nusu.

Unauliza tarehe zimekwenda wapi. Zimepanda cheo. Maarifa yote huanza na kisa kimoja kimoja, kisha hukwea mpaka kwenye kanuni. Mwanazuoni haandiki kwamba jiwe hili lilianguka Jumanne. Huandika kwamba mawe huanguka. Umeuona mlango ukikosea mara tatu, na mimi nimekutoa kwenye mara tatu nikakupeleka kwenye tabia. Unalalamika kwamba nimesema "milango" wakati mbovu ni mmoja. Lakini ni nani amheshimuye mtu anayekijua kitu kimoja tu? Huoni kwamba sentensi yangu inakulinda? Ukisema "lifti ya pili ni hatari" na kesho isimguse mtu, utaitwa mzushi. Ukisema "huwa na mwelekeo", huwezi kukosea maishani.

Ile karatasi yako yenye alama ya kidole cha grisi nimeihifadhi ndani ya kitabu, kama kumbukumbu ya siku nilipokufanya mwandishi. Tia saini, Mjomba. Shule uliyonilipia kwa mikono yako ndiyo inayosema.

Mpwa wako


3 Machi

Marahaba mpwa wangu,

Sisi wazima. Mkazamjomba ameweka sufuria chini ya bati linalovuja, sasa tunasikia muziki jikoni.

Nilitia saini. Meneja aliisoma ripoti mbele yangu akatabasamu. "Fundi, siku hizi unaandika kama balozi. Kumbe ndiyo tabia ya lifti zote za zamani? Mimi nilidhani kuna hatari." Akaitia kwenye jalada. Akauliza kwa nini basi wapangaji wake wanapanda ngazi kama mbuzi.

Ofisi yenu imeipokea ripoti tangu mwezi uliopita. Hakuna mkaguzi aliyekuja, wala hakuna aliyeuliza swali. Jicho jipya halijaagizwa.

Tangazo limetoka mlangoni. Lifti inatembea. Mama Birika aliniletea kikombe cha chai karakana kunishukuru. Sikukimaliza.

Mjomba wako


10 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Wiki tano zimepita bila mstari kutoka kwako. Mama anasema kaka yake akinyamaza ujue anapima kitu. Goti lake halina habari mpya, na hiyo ndiyo habari njema.

Barua yako ya mwisho nimeirudia mara kadhaa. Umeandika kwamba tangazo "limetoka" mlangoni. Mjomba, tangazo halina miguu. Nani alilitoa? Nakuuliza si kwa ubishi, ingawa katika ukoo jina la mbishi ni langu.

Kazini naambiwa ninafanya vizuri. Mkuu hunipa maandishi ya wakaguzi niyalainishe, na hurudisha machache sana. Nimesomeshwa pia kitabu kizima cha kanuni za ukaguzi. Zimo kanuni ambazo ningetamani kuzijua mapema, na imo moja ambayo pengine ni heri nisingaliijua kabisa. Tuyaache hayo.

Andika, hata kama ni mstari mmoja.

Mpwa wako


29 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu zako nimezipata, mwambie mama yako nimepokea. Bati nimeliziba.

Tarehe 18 Machi, saa nne kasorobo asubuhi, ghorofa ya tano, mlango wa lifti ya pili ulifunga. Mama Birika alikuwa ametanguliza mkono wa kulia ndani, akiliweka birika sakafuni ili ageuke achukue sinia la vikombe. Jicho halikumwona. Niliufungua mlango kwa nondo. Amepoteza vidole viwili.

Kuna kamati ya uchunguzi. Meneja amewaambia kwamba sikuwahi kumwonya juu ya lifti hiyo, ila nilileta maneno ya jumla kuhusu milango ya zamani, na saini yangu iko chini yake. Daftari la kazi la karakana, ambamo kila siku ya kosa la mlango ule ilikuwa imeandikwa, alilichukua jioni ile ile kwa ajili ya kulihifadhi. Tangu hapo halijulikani liliko. Kwa hiyo tarehe zangu zimebaki mahali pamoja tu duniani, kwenye karatasi niliyokutumia, ile ya kidole cha grisi. Ulisema umeiweka ndani ya kitabu.

Itume. Kamati inakaa tarehe 20 Juni. Isipofika, mimi nitakuwa fundi aliyenyamaza, na yeye atakuwa mama mzembe. Wanasubiri tu tuwaachie nafasi ya kuandika hivyo.

Kuhusu tangazo, sina la kusema kwa sasa.

Mjomba wako


12 Mei

Shikamoo Mjomba,

Habari yako imetuinamisha wote. Mama alisimamisha cherehani, mkono juu ya kitambaa. Anamwombea mgonjwa, na anataka kujua kama kuna anayempikia.

Kuhusu karatasi, ninaitafuta. Utakumbuka kwamba mwezi Machi tulihamia vyumba vingine. Vitabu vyangu ni vingi na vilifungwa kwa haraka, na sina hakika hata ni kitabu kipi. Sitaki kukupa tumaini ambalo huenda lisitimie. Zingatia pia, kwa kuwa wewe ni mtu wa hoja, kwamba karatasi isiyo na muhuri wala shahidi huwa haina uzito mkubwa mbele ya kamati. Kamati za aina hii huelekea kuyaamini zaidi maandishi rasmi. Kwa kawaida, mambo haya humalizwa kwa maelewano, na mara nyingi lawama husambazwa kiasi kwamba hakuna anayebeba zigo zima.

Niko katika kipindi kigumu kazini. Majaribio yangu yanakwisha Julai, na nimepewa kazi ya dharura ambayo siruhusiwi kuieleza. Nisamehe kwa ufupi wa majibu yangu, ijapokuwa naona nimejaza kurasa tatu.

Mpwa wako


30 Mei

Mpwa wangu,

Anayempikia yupo, ni jirani yake, naye mkazamjomba wako anakwenda siku za Jumamosi. Mwambie dada yangu.

Kurasa zako tatu nimezisoma, nikazipindua, nikazikung'uta. Karatasi yangu haikudondoka.

Juzi nilikwenda kumtazama Mama Birika. Anakaa chumba kimoja, safi, kitanda na meza, na birika liko juu ya kabati kama mgeni wa heshima. Mkono umefungwa bandeji hadi kifundo. Meneja alikuwa amempelekea rasimu ya ripoti ya uchunguzi, Kiingereza juu na Kiswahili chini, aitie saini kwa mkono wa kushoto. Akanipa nimsomee, miwani yake haikuwa karibu. Nikasoma: "Wahudumu huwa na mwelekeo wa kuukimbilia mlango wakati unapoanza kufunga."

"Rudia, Fundi."

Nikarudia.

"Nani aliniona nikikimbia?"

"Haijasema wewe. Imesema wahudumu."

"Mhudumu wa chai katika jengo lile ni mimi peke yangu." Akaliangalia birika lake. "Miaka kumi na tisa, Fundi. Mtu mwenye birika la moto hakimbii. Hata nyumba ikiwaka, atatembea. Huyo aliyeandika hajawahi kubeba chai ya mtu."

Nikamwambia kiatu kimenibana, nikatoka nje nikasimama ukutani. Sikumwambia kwamba ninakijua kinywa kilichotunga maneno yale. Miaka ishirini na sita nasikiliza mota gizani na kuzitambua kwa sauti, nitashindwa kuitambua sauti niliyoilea? "Huwa na mwelekeo." Hiyo ndiyo kazi ya dharura usiyoruhusiwa kuieleza. Kwanza uliuficha mlango mmoja ndani ya milango mingi. Sasa umemficha mama mmoja ndani ya wahudumu ambao hawapo.

Uliniandikia kwamba mwanazuoni husema mawe huanguka. Sawa. Lakini jiwe lililompiga mtu kichwani lina siku yake na saa yake, na mara nyingine lina aliyelisukuma.

Ukurasa wa tatu wa rasimu ile unasema kwamba mafundi wa umri mkubwa huwa wanasahau kuandika. Mimi sijasahau. Shahada ulipoipata ulinipa niishike kwanza kabla ya mama yako, ilikuwa tarehe 24 Novemba, na ulivaa viatu vyangu kwa sababu vyako vilikuwa vimetoboka. Sikudai kitu siku ile. Leo nadai karatasi yangu.

Mjomba wako


6 Juni

Mjomba,

Shikamoo, kama bado unaipokea kutoka kwangu.

Karatasi yako imo ndani ya bahasha hii, nami nimeituma kwa rejista. Haikuwa imepotea. Tangu barua yako ya 29 Aprili ilipofika nilijua ni kitabu kipi, ni rafu ipi, na ni ukurasa wa ngapi. Niliyokuandikia tarehe 12 Mei yalikuwa uongo, na kila "huenda" iliyomo ilikuwa jani la kuufunikia.

Naandika sasa kwa namna yako, kwa tarehe.

Tarehe 14 Januari niliziondoa tarehe zako tatu, ndoo, na ombi lako la kusimamisha lifti. Niliviondoa kwa sababu sentensi yangu ilipendeza zaidi bila vitu hivyo. Hakuna aliyeniagiza.

Tarehe 20 Februari, katika mafunzo, niliisoma kanuni ya kumi na mbili ya ofisi yetu. Kosa la mlango likiripotiwa kwa tarehe mara mbili au zaidi, mtambo usimame na mkaguzi afike ndani ya siku saba. Kosa likielezwa kwa ujumla, lifungiwe jalada hadi ukaguzi wa mwaka. Nilifunga kitabu nikaenda kula. Kabla ya mlango ule kumbana mtu zilikuwa zimebaki siku ishirini na sita, na mimi nilikuwa na simu, kalamu, na mkuu aliyekaa hatua tano kutoka kwangu.

Tarehe 8 Mei mkuu alinipa maandishi ya uchunguzi niyalainishe. Nilijua ni jengo gani tangu mstari wa kwanza. Mkaguzi alikuwa ameandika, kwa maneno ya meneja, kwamba mama wa chai alikimbilia mlango. Hakukuwa na shahidi, kwa hiyo nikageuza "alikimbilia" kuwa tabia ya wahudumu, ambayo haihitaji shahidi. Ndivyo nilivyoifanya kazi yangu vizuri.

Barua yako ya 30 Mei ilipofika Mama alikuwa ameipokea yeye, akaniletea mezani pamoja na kile kitabu, alichokitoa rafuni. Karatasi yako ilikuwa ikichungulia pembeni mwa kurasa.

"Huu si mwandiko wa kaka yangu?"

"Ndio, Mama."

"Nilidhani inatafutwa."

Akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari. "Kaka yangu hana maneno mengi, lakini tarehe hazimpotei. Mpaka leo ananitajia siku niliyovunja kikombe cha bibi yako, na nilikuwa na miaka sita." Akaiweka juu ya sahani yangu, juu ya chakula hasa, akarudi kwenye cherehani. Umenijua miaka yote, Mjomba, unajua kwamba nina jibu kwa kila mtu. Pale niliifuta karatasi, nikaanza kuandika maelezo yangu.

Jana nikampelekea mkuu karatasi hii pamoja na maelezo yangu. Aliyasoma yote, akavua miwani.

"Vijana wenye shahada huwa na haraka ya kujitia hatiani," akasema. "Ni homa, hupita. Rudi mezani."

"Mkuu, mimi ni mmoja, na leo ni tarehe 5 Juni."

"Unajua unachopoteza?"

"Najua. Kipo kwenye aya ya mwisho ya maelezo."

Akatoa nakala ya kila karatasi, na hapo ni lazima nimtendee haki, hakuficha hata moja. Kisha akaniomba nimwachie ufunguo wa droo. Maelezo yangu yatasomwa mbele ya kamati.

Limebaki jambo moja. Katika maelezo hayo nimeandika niliyoyafanya mimi tu. Kuhusu tangazo nimeacha pengo. Sijui aliyelitoa. Ninakisia, lakini nimeacha kuandika makisio.

Mpwa wako


24 Juni

Marahaba mpwa wangu,

Nimeipokea shikamoo yako. Nilichelewa kujibu kwa kuwa nilitaka kwanza jambo liwe limetokea.

Kamati ilikaa tarehe 20, saa tatu asubuhi, chumba cha mikutano cha ghorofa ya saba. Sote tulipanda kwa ngazi. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba, hana mzaha. Karatasi yangu ilizungushwa mezani, kila mmoja akaitazama alama ya kidole kama anayetazama picha ya marehemu. Maelezo yako yakasomwa. Meneja alisema kijana ana hasira ya kupoteza ajira. Mwenyekiti akamwuliza daftari la kazi liko wapi, akasema litatafutwa. Akaambiwa, "Litafute sasa, tunakusubiri." Lilipatikana baada ya dakika arobaini, kwenye kabati lake.

Ndipo akaitwa Mama Birika. Alisomewa ile sentensi ya wahudumu. Hakubishana nayo. Aliomba birika la kamati, lililokuwa limejaa na linatoa mvuke, akalishika kwa mkono wa kushoto, akatoka nalo mpaka kizingitini. Kisha akarudi. Mpwa wangu, natamani ungekuwepo. Alitembea kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Hatua moja, nyingine, macho kwenye mdomo wa birika. Akalitua mbele ya mwenyekiti bila tone kudondoka. "Hivi ndivyo nilivyoingia kwenye lifti ile," akasema. "Na mkono wa kulia ulipokuwa mzima nilikuwa mwangalifu zaidi." Mwenyekiti alichukua kalamu akaikata yeye mwenyewe sentensi yako, mstari mmoja mnene, akaweka saini pembeni.

Lifti ya pili imefungwa kwa amri. Mama Birika hakulaumiwa, na kazi yake imebaki yake atakapopona. Meneja amesimamishwa. Uamuzi juu yangu utatolewa mwezi ujao, na siutabiri.

Maana nami nilikuwa na pengo langu. Ulikisia sawa, na nakushukuru kwa kuliacha wazi. Nilijiambia kwamba nilifuata amri ya mkubwa, kwamba ripoti yenyewe haikutaja hatari, kwamba mafundi sote hufanya hivyo. Unaona, hata mimi nilikuwa nimejifunza Kiingereza chako bila kamusi. Nilimlaumu mpwa wangu kwa kumficha mtu nyuma ya wengi, na mimi mwenyewe nimejificha huko tangu Machi.

Maelezo yangu niliyoyatoa siku ile yameambatanishwa hapa. Wanayataka kwa Kiingereza, na nimewaambia ninaye mtu. Yatafsiri neno kwa neno, usiyapambe. Najua huna meza sasa, tumia ya mama yako akikuachia nafasi kando ya cherehani. Bado nakuita Profesa, ila kwa sauti ndogo zaidi. Mwisho wa maelezo hayo unasomeka hivi:

Nilisema: Tarehe 2 Machi, saa mbili na robo asubuhi, niliambiwa na meneja niliondoe tangazo la hatari kwenye lifti ya pili. Nilijua jicho la mlango ni bovu. Nililibandua kwa mkono wangu, nikalikunja, nikawasha umeme.

Mwenyekiti aliuliza: Fundi, huwa unabandua matangazo ya hatari kila unapoambiwa?

Nilijibu: Hapana. Miaka ishirini na sita, sina mazoea hayo. Nilibandua moja.

Mjomba wako